Kid A ya Radiohead: nani alikuwa na wakati wa kusikiliza?

Kwenye ukurasa wetu tunaandikaka juu ya muziki kwa namna mbili: tunasifu ama tunaponda. Leo nataka tuangalie albamu moja iliyopata vyote viwili, kutoka kwa watu waliosoma sana na wanaojua muziki. Ni Kid A, ya kundi la Radiohead kutoka Oxford, Uingereza. Ilitoka mwanzoni mwa mwezi wa kumi, mwaka 2000. Wengi wetu siku hizo tulikuwa tungali mgongoni mwa mama. Lakini mabishano yake hayajazeeka, juu yanagusa swali ambalo liko mbele yetu hata leo: nani ana haki ya kuhukumu kazi ya mtu mwingine, na baada ya muda gani?

Kwa wale wasioijua, habari iko hivi. Radiohead ni watu watano: Thom Yorke anayeimba, ndugu wawili Jonny na Colin Greenwood, Ed O'Brien, na Philip Selway kwenye ngoma. Mwaka 1997 walitoa OK Computer, albamu ya gitare kubwa na sauti ya juu, na wakosoaji wa Ulaya na Marekani wakaiweka kati ya albamu bora za miaka ile. Walizunguka dunia wakiipiga. Yorke alitoka kwenye safari hiyo amechoka moyo na mwili. Alisema hataki tena kusikia sauti yake mwenyewe, na makundi mengine yalikuwa yameanza kumwiga, hata alipowasha redio alisikia kivuli chake. Akaanza kusikiliza muziki wa elektroniki wa Aphex Twin na Autechre, uliokuwa unatolewa na kampuni ndogo ya Warp, ya mji wa Sheffield.

Basi watu wakangoja OK Computer ya pili. Wakapata Kid A. Gitare zimefichwa. Sauti ya mwimbaji imepitishwa kwenye mashine mpaka inaonekana kama ya mtoto anayeongea ndani ya bomba. Hakuna wimbo mmoja uliotolewa peke yake kwa kuuzwa mbele ya albamu, na hakuna video ya kawaida ya kupigwa kwenye televisheni. Kulikuwa na vipande vifupi tu vya picha za katuni, vya sekunde chache. Nyimbo ni kumi, karibu dakika hamsini kwa jumla. Hali ya hewa ya albamu nzima ni baridi, giza, mtu peke yake katika mji mkubwa.

Sasa tuingie kwenye hukumu.

Upande mmoja alikuwa Mark Beaumont, aliyeandika katika Melody Maker, gazeti la muziki la Uingereza lililokuwako tangu 1926. Aliipa Kid A nyota moja na nusu juu ya tano. Kwake ilikuwa kazi ya watu waliojisahau, wanaojifurahisha wenyewe na kumwacha msikilizaji nje ya mlango. Upande wa pili, kule Chicago, ukurasa mmoja wa intaneti uliokuwa bado mdogo, Pitchfork, uliipa 10 juu ya 10. Mwandishi wake, Brent DiCrescenzo, aliandika kwa maneno ya mtu aliyeona maono, yenye nyota na anga na machozi. Wengine walicheka maandishi yake, lakini watu wengi sana walikwenda kuyasoma, na jina la Pitchfork likaanza kukua kutoka hapo. Katikati walikuwa wale waliosema: kazi nzuri, ya ujasiri, lakini tunaiheshimu kuliko tunavyoipenda.

Nyota moja na nusu, na kumi juu ya kumi. Nyimbo zilezile. Mtu anaweza kusema, "bon, kila mtu na ladha yake," na kufunga majadiliano. Mimi sikubali kufunga hapo. Ladha ipo, lakini kuna jambo lingine ambalo watu hawalitazamaka: wale wakosoaji walikuwa na siku ngapi?

Kampuni ya kundi iliogopa albamu isivuje. Haikugawa nakala za mapema kwa waandishi kama ilivyo desturi. Waliisikilizishwa katika vikao vilivyopangwa, chini ya ulinzi, kisha wakaenda kuandika. Fikiria unaitwa kwenye chumba, unasikilizishwa dakika hamsini za muziki usiofanana na kitu unachokijua, unatoka, na gazeti linangoja karatasi yako. Utaandika nini? Utaandika mshtuko wako. Kama mshtuko ulikuwa mtamu, utaandika nyota angani. Kama ulikuwa mchungu, utaandika nyota moja na nusu. Wote wawili, aliyeponda na aliyesifu, walipima mshtuko zaidi kuliko albamu.

Kumbe wasikilizaji wa kawaida walikuwa na hali tofauti kabisa. Katika kiangazi cha 2000 Radiohead walikuwa wanazunguka Ulaya wakipiga nyimbo mpya kwenye jukwaa mbele ya albamu kutoka. Watu walizirekodi na kuziweka Napster, ile programu ya kubadilishana muziki kwa intaneti. Colin Greenwood alieleza kwamba walipiga Barcelona, na kesho yake tamasha lote lilikuwa liko Napster. Walipofika Israeli wiki tatu baadaye, watu mbele ya jukwaa walikuwa wanajua maneno ya nyimbo ambazo hazijauzwa popote. Halafu albamu yenyewe ikavuja humohumo, wiki chache mbele ya siku ya kutoka.

Wataalamu wa biashara waliona ni hasara: nani atanunua kitu ambacho amekwisha kupata bure? Lakini albamu ilipotoka ilipanda moja kwa moja kwenye nafasi ya kwanza Uingereza, na nafasi ya kwanza Marekani pia, ambako Radiohead hawakuwahi kufika. Marekani peke yake ziliuzwa nakala zaidi ya 200,000 katika wiki ya kwanza. Bila video, na bila wimbo wa kuuzwa peke yake.

Kwa hiyo mambo yaligeuka. Kawaida mkosoaji anasikia wa kwanza, kisha anamweleza msikilizaji. Hapa msikilizaji alitangulia, akaishi na nyimbo kwa majuma, huku mkosoaji akiingia chumbani usiku mmoja. Naona hii inaeleza sehemu kubwa ya ile tofauti. Haina maana kwamba msikilizaji ana akili kuliko mwandishi. Alikuwa na wakati, basi.

Hapo tunafika kwa mtu ninayeona aliandika hoja yenye nguvu kuliko wote, hata kama sikubaliani na mwisho wake: Nick Hornby. Huyu ni mwandishi wa riwaya, Mwingereza, na riwaya yake ya 1995, High Fidelity, inahusu mtu mwenye duka la sahani za muziki. Kwa hiyo hatuwezi kusema hajui kupenda muziki. Aliandika juu ya Kid A katika gazeti la The New Yorker mwezi huohuo wa kumi. Hoja yake, kwa ufupi na kwa maneno yangu: albamu hii inataka ukae nayo usiku baada ya usiku, uchimbe, utafute. Kijana wa miaka kumi na sita ana nafasi hiyo. Mtu mzima mwenye kazi, watoto na uchovu wa jioni hana. Basi kundi linalotaka uvumilivu kama huo linamdai msikilizaji deni ambalo hakukopa.

Tusimcheke Hornby. Hoja yake ni ya haki, na kwetu ina uzito kuliko huko kwao. Kusikiliza albamu mara ishirini ni gharama. Huko gharama ni muda. Huku ni muda, na mega, na umeme wa kuchaji simu, na mahali pa kutulia katika nyumba ya watu tisa. Mwalimu anayefundisha asubuhi na jioni akitembeza bidhaa, umwambie, "Sikiliza tena mara kumi, utaelewa"? Atakujibu kwa haki kwamba kazi ya kumfikia yeye ni ya msanii.

Lakini Hornby anaunganisha vitu viwili ambavyo mimi naona havishikani. Anaweka uvumilivu upande wa vijana wasio na mshahara, halafu mshahara upande wa watu wazima waliochoka. Sisi tunajua kundi la tatu: mtu mzima, ana licence mkononi, na mshahara haujafika. Miaka miwili, mitatu, anaandika barua za kuomba kazi. Muda anao mpaka unamwumiza. Kwa mtu wa namna hiyo, muziki unaotaka subira haumwibii kitu. Unampa kazi ya kufanya na masikio yake. Nimeona wenzetu wa promosyo yetu ambao katika miaka ya kungoja wamejifunza kusikiliza, kusoma na kubishana kuliko wakati tulipokuwa kwenye oditware tunakimbizana na mitihani. Kwa hiyo uvumilivu hauendi na umri, wala hauendi na mshahara kwa njia iliyonyooka. Unaenda na aina ya siku ulizo nazo.

Na kuna jambo lingine. Msanii hakumlazimisha Hornby kununua. OK Computer ilikuwa bado iko dukani. Mtu aliyelima mahindi miaka mitatu, mwaka wa nne akalima maharagwe katika shamba lake, hajamwibia mpenda mahindi. Amebadilisha zao. Naweza kusema maharagwe yake ni mabaya, lakini siwezi kuyahukumu kwa kuwa si mahindi. Sehemu kubwa ya hasira za 2000 ilikuwa hiyo: "Gitare ziko wapi?" Hilo ni swali la mteja kwa mwuza duka. Mkosoaji anatakiwa kuuliza: hiki alichokileta, amekifanya vizuri?

Hapa nitoe tahadhari, juu upande wa wanaosifu nao una udhaifu wake. Hoja yao kubwa ni: "Sikiliza tena, inakua." Sisi wa kilimo tunapenda hoja hiyo. Aina mpya ya muhogo haihukumiwi kwa msimu mmoja. Unaipanda misimu kadhaa, sehemu mbalimbali, ndipo unasema. Lakini muhogo haubadiliki kwa kuwa umeutazama mara nyingi. Mtu anabadilika. Robert Zajonc, mtaalamu wa saikolojia huko Marekani, alionyesha katika 1968 kwamba watu huelekea kupenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi, hata kama hakina maana yoyote kwao. Ndiyo maana tangazo la sabuni linarudiwa redioni mpaka unaliimba. Kwa hiyo kama hoja yako ni "mara ya kumi nilianza kuipenda," hujathibitisha kitu. Mara ya kumi ungeipenda hata sabuni.

Basi tutofautishe namna gani? Mimi napendekeza kipimo kimoja. Kurudia kusikiliza kunahesabika kama hoja pale tu kunapokuonyesha kitu ambacho unaweza kumwonyesha mwingine kwa kidole. Kama unachorudi nacho ni raha peke yake, hiyo ni mazoea. Kama unarudi na kitu kilichomo ndani, hicho ni ugunduzi.

Tujaribu kipimo hiki kwenye Kid A yenyewe.

Chukua "Morning Bell". Mara ya kwanza wimbo unakuyumbisha, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Unafikiri mpiga ngoma amekosea. Rudia, hesabu kwa vidole: mapigo ni matano, si manne. Mwili wetu umezoea manne, unangoja mguu wa mwisho, unakuta wimbo umekwisha kuanza tena. Kile kiwasiwasi ulichosikia bila kujua kilikotoka, sasa unajua kimejengwa wapi. Wimbo wa kwanza, "Everything in Its Right Place", nao unafanya hivyo kwa mapigo kumi. Kichwa chake kinasema kila kitu kiko mahali pake, na mapigo yanakukatalia.

Chukua wimbo wenye jina la albamu, "Kid A". Ile sauti ya mtoto ndani ya bomba ilitengenezwa hivi: Yorke alisema maneno, na Jonny Greenwood akampa urefu wa sauti kwa ala inayoitwa ondes Martenot, kinanda cha umeme ambacho Mfaransa Maurice Martenot alikionyesha kwa watu mwaka 1928. Yaani mtu mmoja anaongea na mwingine anamwimbisha. Ukijua hivyo, ule ubaridi unapata maana: mwimbaji aliyechoka na sauti yake ameikabidhi kwa mkono wa mwenzake.

Chukua "Idioteque", ambao wengi wanaukubali hata kama hawapendi zingine. Ngoma zake ni za mashine, kavu, hazina huruma. Lakini zile kodi nne zinazorudi chini yake hazikutungwa na Radiohead. Zilitoka kwa Paul Lansky, aliyezitunga 1973 kwa kompyuta kubwa ya IBM katika Chuo Kikuu cha Princeton, kwenye kipande kiitwacho "mild und leise". Greenwood alikipata kwenye sahani ya zamani, na Lansky akakubali kitumiwe. Kwa hiyo wale waliosema kundi hili linakimbilia mambo mapya walisikia nusu. Wimbo uliotisha watu mwaka 2000 kama sauti ya kesho ulikuwa umesimama juu ya kazi ya miaka ishirini na saba nyuma. Na maneno yake yanataja zama za barafu na hofu ya hali ya hewa, miaka mingi mbele ya mazungumzo hayo kuingia kila mkutano. Mtu anayeshughulika na mvua na mashamba hawezi kuusikia sawa na wimbo wa kucheza tu.

Hizo tatu zinapita kipimo. Zingine, kwangu mimi, hazipiti. "In Limbo" nimeirudia mara nyingi na sina cha kuonyesha kwa kidole. Inazunguka kama jina lake, basi. "Treefingers" haina maneno. Ni sauti za gitare ya O'Brien zilizonyooshwa na mashine mpaka zikawa ukungu. Inafaa kama pumziko katikati ya albamu, lakini ukiitoa peke yake haisimami. Na "Optimistic", ambao redio za Marekani ziliupenda, ni wimbo wa Radiohead wa zamani aliyevaa koti jipya. Anayesema albamu nzima ni kumi juu ya kumi anieleze hizo tatu.

Kulikuwa pia na wakosoaji wa aina nyingine, ambao hatuwasikii sana: wale wa muziki wa elektroniki wenyewe. Hao walisema, "Mnashangaa nini? Aphex Twin na Autechre walikwisha kufanya hivi miaka mingi, tena kwa ukali zaidi. Nyinyi mmelamba tu." Kwa upande mmoja wana haki. Radiohead hawakuvumbua mashine hizi, na Yorke mwenyewe hakuficha alikotoa. Lakini hapo ndipo ninapoona kazi yao halisi. Autechre hawakuwa na uzito wa kuimbiwa na watu elfu nyingi. Radiohead walichukua lugha ya kijiji kidogo wakaileta sokoni, na sokoni wakaiongezea vitu vya nyumbani kwao: sauti ya binadamu anayeteseka, nyuzi za okestra kwenye "How to Disappear Completely", tarumbeta na saksofoni nane zinazogombana kwenye "The National Anthem". Huo ni utafsiri, na tafsiri nzuri ni kazi. Sisi tunaoishi kati ya Kiswahili, Kifaransa, Lingala na lugha za nyumbani tunajua uzito wa kazi hiyo.

Nikifika kwenye lugha, kuna jambo wakosoaji wa Uingereza wasingeweza kuliona. Wengi walilalamika kwamba maneno hayasikiki, na pale yanaposikika hayashikani. Ni kweli. Yorke aliandika vipande vya sentensi, akavikata, akavitia kwenye kofia na kuvitoa bila mpango. Kwa msikilizaji aliyezoea kupewa hadithi, ni kama kufungiwa mlango. Lakini msikilizaji wa kwetu asiyejua Kingereza hajawahi kufunguliwa mlango huo na wimbo wowote wa Kingereza. Amezoea kupokea sauti kwanza, maana baadaye, ama maana isije kabisa. Huku mashariki wangapi wamelia na kucheza kwa rumba ya Kinshasa mbele ya kuelewa Lingala? Kwa hiyo kwenye Kid A msikilizaji wa Bukavu na msikilizaji wa Manchester wako karibu kuliko kwenye albamu zingine. Maneno yamekuwa ala kati ya ala, na hapo hakuna mwenye lugha na mgeni.

Linabaki pingamizi moja ambalo hutakuta katika magazeti ya Uingereza, lakini nalisikiaka kila nikitaja muziki wa namna hii: "Huzuni hiyo ni ya watu walioshiba. Sisi tuko na huzuni ya kutosha, hatuna lazima ya kuongeza ingine." Silipuuzi. Yorke alichoka na umaarufu, na kuna watu huku wanachoka na vita. Kupima uchovu huo miwili kwa mizani moja ni kukosa adabu.

Hata hivyo, tuangalie muziki wetu wenyewe. Tabu Ley Rochereau aliimba "Mokolo Nakokufa", ambamo tajiri na maskini na wengine wanawaza, kila mmoja kwa namna yake, siku ya kufa kwao. Huo ni wimbo wa giza kabisa, na watu waliupokea kwa mikono miwili, wakaucheza. Kwa hiyo si kweli kwamba sisi hatutaki huzuni ndani ya muziki. Tunaitaka ikiwa na watu ndani yake: jirani, mjane, mlevi, mwenye pesa. Kid A inatupatia huzuni isiyo na jirani. Hapo ndipo ugumu wetu ulipo, na ni ugumu wa kweli; hauji kwa sababu hatujasoma. Mimi binafsi nikisikiliza "How to Disappear Completely", nyuzi zikianza kupanda na kwenda mrama kidogo, nasikia mtu anayejifunza kutokuwepo ili aweze kuvumilia alipo. Mtu wa namna hiyo nimemwona pia huku kwetu, na hakuwa ameshiba. Lakini simlazimishi mtu kusikia ninachosikia. Namwomba tu asiseme kwamba giza hilo lina nchi moja.

Mwisho wa hadithi mnaweza kuubashiri. Mwanzoni mwa 2001 Kid A ilipata Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala. Melody Maker haikumaliza hata mwaka ule. Ilifungwa mwezi wa kumi na mbili 2000 na kuunganishwa na NME. Mwaka 2009, walipohesabu albamu za miaka kumi, Rolling Stone na Pitchfork wote wawili waliiweka Kid A namba moja. Siku hizi Beaumont anatajwa kama mfano wa mkosoaji aliyekosa gari.

Mimi hali hii ya sasa inanipa wasiwasi kuliko ile ya mwaka 2000. Wakati ule watu walibishana. Sasa kila anayeandika juu ya Kid A anaogopa kuwa Beaumont wa pili, basi anaandika sifa. Kijana anayeisikia leo kwa mara ya kwanza, na kuiona baridi na ndefu, anaambiwa kosa ni lake. Hiyo pia ni hukumu ya haraka, imevaa tu nguo za heshima. Albamu iliyokuwa nzuri kwa sababu ilithubutu kuchukiwa, imekatazwa kuchukiwa. Beaumont alikuwa na usiku mmoja, akaandika alichosikia usiku huo. Simpi haki juu ya albamu, lakini nampa haki ya kutokuwa mnafiki.

Kwa hiyo hukumu yangu, mkiitaka kwa namba kama wanavyofanyaka: nyimbo saba nzuri juu ya kumi, na kati ya hizo saba, tatu au nne ambazo sijui ningezilinganisha na nini. Kama una mega ya albamu moja tu, anza na "Idioteque", kisha "How to Disappear Completely", kisha "Everything in Its Right Place". Vaa ekuta, siyo spika ya simu, juu nusu ya muziki huu iko chini kabisa na spika ndogo inaitupa. Rudia mara tatu kwa siku tofauti. Ukimaliza, usituambie kama umeipenda ama hapana. Tuambie umeona nini ndani yake. Na kama hukuona kitu, andika hivyohivyo, kwa jina lako. Tutakusoma kwa heshima ileile.